Nukta ya Mukhisa

Mukhisa alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Tuwan, nusu ya diploma ya kompyuta, na tovuti ya shirika la wafuga nyuki hapo mjini Kitale, ambayo aliilea kama mtoto wa kwanza. Halafu mwaka wa 2008 mkuu wa ofisi, Madam Phelista, akamleta kijana aitwaye Ngige "asaidie kidogo," na Ngige akampaka mtoto wanja.

Wanja wenyewe ulikuwa hivi. Wakulima walijiandikisha kwa mafunzo ya Mabanga, kule Bungoma, kwa kujaza fomu kwenye tovuti. Fomu ya Mukhisa ilimeza chochote, hata ukiacha nafasi ya simu wazi. Ngige akaandika skripti, programu fupi ya kukagua fomu ndani ya brauza kabla haijatumwa. Ukisahau namba, maneno mekundu yanaruka: "Sasa tutakupata wapi, rafiki?"

"Haki hii fomu iko na adabu kuliko nyinyi wote," akasema Nelima, karani wa mafunzo, akicheka mpaka akashika meza. Mukhisa alikuwa amemtolea Nelima vichekesho tangu aajiriwe, kwa jasho. Ngige amemchekesha akiwa hata hayuko chumbani.

"Na seva je?" Mukhisa akauliza. "Kama seva inayopokea fomu haikagui, hiyo ni mapambo tu."

"Wacha wivu, bana," Nelima akamjibu.

Wivu? Yeye? Jioni hiyo alikula ugali kama anayemtafuna mtu.

Sasa, tovuti ile ilikuwa na edita ya kuandikia kurasa, na edita ilikuwa na tabia mbaya: ukifungua ukurasa humo na kuuseivu, inachuja skripti yote na kubakisha maandishi matupu. Ngige aliijua, kwa hivyo aliizima edita kabla ya kuweka kazi yake. Mukhisa naye aliijua vizuri sana. Kesho yake aliiwasha, akafungua ukurasa wa fomu, akaongeza nukta moja mwisho wa sentensi, akaseivu.

"Nimeweka nukta tu," alijiambia, kama mtu aliyeegemea ukuta wa jirani ukaanguka wenyewe.

Maneno mekundu yakafa. Majina yakaendelea kuingia, mengi bila simu, na hakuna aliyeshtuka mpaka tarehe ya mafunzo iliposogezwa mbele na ikabidi watu waarifiwe.

"Nitapigia nani?" Nelima akalia. "Hawa wa Naitiri wameandika jina tu!"

Madam Phelista akamgeukia Mukhisa. "Si kwenu ni Naitiri? Enda uwatafute. Tangaza hata kanisani."

"Na Ngige, madam?"

"Ngige atabaki na Nelima, warudishe hiyo kitu ya maneno mekundu."

Warudishe. Wawili. Neno hilo alilitafuna njia yote.

Pale Naitiri aliulizia jina la kwanza kwenye orodha, Wekoye. "Wekoye yupi?" akaulizwa kwenye posho mill, pale wanaposaga unga. "Wa baiskeli, wa redio, ama yule hulewa?" Alikuwa bado anawachambua akina Wekoye simu ilipolia. Nelima.

"Mukhisa, tumeona shida. Ngige anasema ukurasa ulifunguliwa kwa edita. Ni wewe?"

Nyuma ya sauti ya Nelima vikombe vya chai viligongana.

"Anasema usijisikie vibaya," Nelima akaendelea, kwa upole ambao hajawahi kumpa. "Ati ni kitu ngumu, si kila mtu huijua. Ukirudi atakufundisha polepole."

Angeweza kusema aliijua edita hiyo kabla Ngige hajaiona tovuti yao. Lakini akisema aliijua, amesema alifanya makusudi.

"Mukhisa? Uko?"

"Niko," akasema. "Mwambie... mwambie asante."

"Nimwambie utakuja lini?"

"Kesho," akajibu mtaalamu wa tovuti. "Nitakuja na daftari na kalamu."