Alama ya Gumba Kwenye Mpini

Mama alikuwa mtu wa mashoto. Nyanya yetu, mama mkwe wake, alimkataza kabisa kumpa mgeni chakula kwa mkono wa kushoto, na kanisani Mama alisalimia watu kwa mkono wa kulia kama kila mtu. Lakini jikoni hakuna aliyemtawala. Alikata sukuma, majani ya malenge na nyama ya mbuzi kwa mkono wa kushoto, kwa kisu chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, na kwa miaka yote hiyo gumba lake likauchimba mpini huo mpaka likaacha kibonde upande mmoja.

Alipofariki, ndugu zangu waligawana sufuria na blanketi. Mimi nilichukua kisu. Nilikileta huku Embu ninakofanya kazi, nikakiosha kwa sabuni, nikakifunga kwa leso na kukiweka kabatini juu, na ole wake mtu akikigusa. Nilikitoa Jumapili tu, nikaweka kidole pale kwenye kibonde, kisha nikakifunga tena.

Mwaka huu nikakuta mpini umepasuka, ufa umefika karibu na kibonde. Pembe isipopata mafuta hukauka, na mafuta yake yalikuwa mikono ya mama. Hakuwahi kuupaka chochote. Alikuwa anakata nyama tu, na mpini unakunywa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuja kutoka Laare na gundi na msasa.

“Tunaanza na gundi, sista. Ukitanguliza mafuta haitashika.”

Akachokonoa uchafu wa ufa kwa sindano. Gundi ilitaka kuchanganywa na unga wa pembe yenyewe, ili kiraka kisionekane, na huo unga lazima ukwanguliwe mahali fulani kwenye mpini. Akauweka msasa juu ya kibonde.

“Hapa pamebonyea. Nikipasawazisha napata unga mob, wa kutosha, na kisu inakaa poa.”

Nikamnyang'anya kisu. “Ukigusa hapo utarudi Laare kwa miguu.”

“Ni kisu tu.”

“Basi nenda ukanunue chako.”

Akacheka, akakichukua tena, akakwangua unga kutoka kwenye kitako cha mpini. Tulijaza ufa, tukaukaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, tukauacha hadi kesho yake. Kisha nikaupaka mafuta ya mbuzi yenye uvuguvugu, nikaupangusa, nikaupaka tena, mpaka pembe ikaacha kunywa.

Nilikuwa nimenunua nyama, nikataka kuikata mwenyewe. Katika mkono wangu wa kulia, gumba lilikaa upande usio na kibonde. Nikahamishia kisu kushoto, nyama ikaniteleza mpaka chini.

“Leta,” akasema.

Katika sisi wote, ni yeye peke yake aliyerithi mashoto. Gumba lake likaingia kwenye kibonde bila kutafuta.

“Alikuwa anashika hapa,” akasema.

Akaikata nyama yote, hata mbavu, kifundo cha mkono kimejikunja vilevile kama cha mama. Nilisimama kando nimeshika bakuli, nikimwonea wivu ndugu yangu wa tumbo moja, wivu mchungu. Alipokiosha na kunirudishia, nilimwambia aende nacho Laare, akitumie kila siku. Nilisema haraka, kabla sijabadilisha nia.