Niliwakatisha Majirani Mikaratusi, Yangu Nikaibakiza

Kosa ni langu. Naliandika hivyo mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kupamba maneno, kwa maana kupamba maneno ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mwanamume wa makamo. Nafanya kazi mjini Kisii, nimepanga nyumba mtaa wa Nyanchwa, na kila Ijumaa hurudi kijijini kwetu Nyamira kwa ajili ya Sabato. Chuo kikuu nilisomea mambo ya udongo na maji. Kanisani nilikuwa mzee wa kanisa. Sitaji haya kwa kujivuna. Nayataja ili ujue kwamba sikukosea kwa kutojua.

Bondeni kwetu, chini ya mashamba ya chai, kuna chemchemi. Au tuseme ilikuwako. Maji yake yalipoanza kupungua, wakazi tulikutana tukakubaliana: mikaratusi yote iliyo kando ya maji ikatwe na visiki ving'olewe, mikubwa kwa midogo, pasipo kumwonea mtu haya. Sote tunajua jinsi mti huo unavyokunywa. Wakanichagua mwenyekiti.

"Huyu msomi ndiye," wakasema. "Hataogopa uso wa mtu."

Na kweli sikuogopa! Nilipita boma kwa boma, mwenye msumeno wa mashine akinifuata. Nilipofika kwa Mama Nyaboke, mjane tunayepakana naye, nilimkuta amesimama mbele ya miti aliyoiacha marehemu mumewe.

"Mwenyekiti, niachie miwili tu. Paa la jikoni linaniangukia."

"Mama Nyaboke, tulisema yote."

"Yote kabisa?"

"Yote ni yote."

Akanitazama, kisha akacheka. "Haya, kateni. Lakini mkiangushia managu yangu, nitakushtaki kwa huyo Mungu wako!"

Managu hayo, mboga za kienyeji, ndiyo yaliyokuwa riziki yake. Aliyanywesha maji ya chemchemi na kuyauza sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii. Tulikata. Yeye mwenyewe alisaidia kuburuta matawi.

Kisha zamu yangu ikafika. Ee Mungu, nirehemu! Ile midogo, iliyopinda, niliiangusha yote watu wakiona. Lakini ile iliyo karibu kabisa na jicho la maji, mirefu, iliyonyooka, aliyoipanda baba na inayosifiwa na kila apitaye barabarani, niliizunguka mara mbili tatu, nikamwambia mwenye msumeno, "Hii tuiache kwanza." Sikumweleza sababu. Sikuwa nayo. Niliipenda tu.

Sabato iliyofuata niliongoza somo, na somo lenyewe lilikuwa kisa cha Mfalme Sauli. Alivyoagizwa asibakize kitu cha Waamaleki, naye akambakiza mfalme wao na kondoo walionona. Alivyomwambia nabii Samweli kwamba ametimiza agizo, huku kondoo wakilia nyuma yake. Na alipobanwa, alivyodai kwamba wanyama wale ni wa kumtolea Mungu dhabihu. Nilifundisha vizuri mno! Nilipaza sauti. Dada mmoja alitokwa na machozi.

Alasiri hiyo Mama Nyaboke alinikuta nje ya nyumba yangu.

"Somo lilikuwa tamu, mwenyekiti." Akatega sikio, upepo ukivuma. "Ila nina swali. Kama yote ni yote, hayo majani ninayoyasikia kule chini ni ya nini?"

Ulimi ukaitangulia akili. "Ile nimeitenga kwa ajili ya paa la kanisa."

Haki ya Mungu, sikuwa nimewahi kulifikiria paa la kanisa hadi dakika ile! Lilikuwa jibu la Sauli lile lile, nililolikemea asubuhi mbele ya watu.

"Aa," akasema. "Kumbe ni kondoo wa dhabihu."

Laiti ningeshuka kesho yake nikakata, kisa kingeishia hapo. Badala yake nilifanya jambo baya zaidi. Nilimsihi: "Tafadhali, mama, usilitaje hili mbele ya washiriki. Nitaliweka sawa mwenyewe." Hata Sauli, alipokwisha kuambiwa kwamba ufalme umemtoka, aliomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Sehemu hiyo nilikuwa nimeiruka katika somo.

Mama Nyaboke aliahidi kunyamaza, akanyamaza. Mimi niliahidi kukata, sikukata.

Miti mirefu haifichiki. Watu waliiona, wakanistahi, kisha wakaacha visiki vyao vichipue. Wajisumbue kwa nini ilhali mwenyekiti mwenyewe amebakiza? Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kuniuliza hadharani alikuwa mmoja tu, na kinywa chake nilikuwa nimekifunga kwa mkono wangu!

Kiangazi kilipokaza, maji yakawa uzi, uzi ukawa tope. Kina mama wetu walipovuka mlima kuomba maji kwenye chemchemi ya wenzetu, walifukuzwa kwa kejeli: "Rudini mkakamue mikaratusi yenu!" Managu ya Mama Nyaboke yalikauka yakiwa yamesimama. Akafunga mlango wake, akahamia Kisii kwa dada yake.

Kikao cha wakazi kikanivua uenyekiti. Uzee wa kanisa niliurudisha mwenyewe. Ndipo nilipolishika shoka, nikaikata ile miti ya baba, nikaenda kumtafuta Daraja Mbili. Nilimkuta akiuza ndizi za kununua kwa watu. Nikachuchumaa mbele yake na suti yangu ya ofisi.

"Mama Nyaboke, nimekuja kuomba msamaha. Miti nimeikata."

"Umeikata? Na paa la kanisa?" Muuzaji aliyekaa kando yake akaangua kicheko bila hata kujua kinachochekwa.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe zamani. Lakini msamaha haunyweshi managu, mwenyekiti. Maji yakirudi, nitarudi. Hebu sogea, unanizibia mteja."

Nikasogea. Tangu siku hiyo sijajua kutulia. Ofisini nainuka bila safari. Nyumbani nafungua mlango, naufunga, naufungua tena. Kila Jumapili nashuka bondeni kung'oa visiki, na kila Jumapili nakuta vingine vimechipua. Naweka kiganja kwenye udongo. Mara nahisi unyevu, mara naona ni jasho langu mwenyewe. Mvua zimekuja zikapita. Mlango wa Mama Nyaboke bado umefungwa.

Wewe uliyekabidhiwa kusimamia wengine, kanisani, kijijini, au ndani ya nyumba yako tu, nakusihi. Moyo wako ukianza kukutafutia sababu takatifu ya kubakiza kile unachokipenda, usiungoje umalize kusema. Chukua shoka. Anza na mti wako, mchana kweupe, kabla hujaugusa wa mjane.