Nilisema Ni Vanila

Mimi nikikasirika huoka. Wengine hufua, wengine hutukana, mimi huwasha oveni. Siku hiyo nilikuwa nimegombana na fundi wa mabomba hapa kwetu Nakuru mpaka sauti ikanikauka, nikaingia jikoni kuoka biskuti za oti na zabibu kavu. Oti nilikuwa nayo tele, na siagi nilikuwa nimeletewa na dada yangu kutoka Subukia. Zabibu ndizo zilikuwa zimeisha. Kwa zile hasira, ningeenda dukani saa ngapi? Nikachukua nilizokuwa nimeloweka kwenye brandi kwa ajili ya keki ya Krismasi, nikazichuja, nikazimwaga kwenye unga.

Zilitoka tamu, aki. Nikampelekea jirani yangu tunayepakana naye ukuta, mama Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Mombasa. Anaweza kunizaa, na huniita mwanangu. Miaka tisa sahani moja yenye maua ya buluu imekuwa ikienda na kurudi kati ya milango yetu, na haijawahi kurudi tupu. Mimi naweka viazi vya Keringet, yeye anaweka mahamri. Kwetu sisi wawili, kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia yamekwisha.

Kesho yake asubuhi alinikuta naanika nguo.

"Mwanangu, zile biskuti! Wajukuu wamegombania mpaka makombo. Zile zabibu umezitia nini, mbona zinanukia hivyo?"

Nilikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Naapa, mpaka dakika hiyo ile brandi haikuwa imenijia akilini. Hata wajukuu! Nikatoa kibanio, na ukweli ulikuwa pale pale, neno moja tu.

"Vanila," nikasema.

Wee! Mtu mzima mimi, ninayefundisha watoto wa kanisa kila Jumapili wasiseme uongo. Nikajiambia kwamba asichokijua hakitamdhuru. Halafu siku tatu nzima nikawa nachungulia dirishani kabla ya kutoka, nisije nikakutana naye. Nilijichukia hata chai haikupita.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Alhamisi, alipobisha hodi na mfuko wa oti, siagi na sukari. Kesho yake alikuwa na hitma, ile dua ya kumwombea marehemu mumewe.

"Nipikie zile zile, mwanangu. Mzee wangu alipenda vitamu sana. Na usisahau vanila yako."

Nililia kabla sijasema neno. Kisha nikamwambia yote, brandi, keki ya Krismasi, hata fundi wa mabomba nikamtaja, kana kwamba fundi ndiye aliyekuwa na kosa. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Tulikula bila kujua," akasema. "Hilo Mungu analiona, wala halinisumbui. Lakini siku ile unaanika nguo, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na ukaniambia vanila."

"Nisamehe, mama."

"Haya, jirani," akasema, akauokota mfuko wake akaenda zake.

Ijumaa nilisikia dua kupitia ukutani, na harufu ya pilau ikajaa kwangu. Sikuthubutu kutoka.

Jumamosi asubuhi nilikuta sahani ya maua ya buluu mlangoni, imefunikwa kitambaa cheupe kama siku zote. Moyo ukaniruka. Nilipoinyanyua niliona ni nyepesi, nikajiambia, basi si pilau, ni mahamri. Nikaiingiza kwa mikono miwili, nikateleka chai, nikatoa vikombe viwili kabisa, maana nilishapanga kwenda kumwita. Ndipo nikafunua kitambaa.

Sahani ilikuwa imeoshwa vizuri sana.