Mama Kimya na mifuko ya risasi

Saa moja kasoro asubuhi. Mama Kimya anafuta vumbi kwenye cherehani yake kiwandani, anadondosha tone la mafuta, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Leo, kabla hajagusa kanyagio, msimamizi anambwagia mezani robota la kitambaa kizito cha kijani.

"Achana na sare za shule, mama. Hii ni mifuko ya kubebea risasi, elfu mbili. Wewe ndiye utakayeongoza wenzako."

Mama Kimya ananyamaza. Msimamizi anangoja, anatabasamu, anaandika jina la mama daftarini. Kunyamaza si ndiko kukubali?

Kwa mjane huyu, siko. Yeye ni wa Marafiki, Wakristo ambao wengi huwaita Waquaker. Jumapili hukaa na wenzake kumi na wawili sebuleni kwa mmoja wao, viti vimepangwa duara, hakuna padri wala kwaya. Wote kimya, mpaka mmoja aguswe moyoni asimame kusema. Kwake, kunyamaza ni kusikiliza.

Wifi yake, anayeshona meza ya pili, hamwachi apumue.

"Nyie si mnajifananisha na Wakristo wa kwanza? Mbona wale walibatizana, wakamega mkate? Nyie hata maji ya kunawa hamna!"

"Ya kunawa tunayo, wifi. Njoo na sabuni yako." Anageuza kiti kumwelekea. "Walikutana majumbani, nasi vivyo hivyo. Waliambiwa wasiape, ndiyo yao iwe ndiyo, nasi hatuapi. Kwenye maji na mkate tumeachana nao, sikatai. Sisi tunaamini ubatizo ni wa moyoni. Lakini upanga wa vita, wengi wao waliukataa, nasi tunaukataa."

"Upanga, sawa. Huu ni mfuko tu."

Neno hilo linamchoma, kwa kuwa ndilo analojiuliza mwenyewe. Na kazi hii ndiyo inayomsomesha binti yake wa mwisho. Binti amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Mshahara wenyewe haufiki tarehe ishirini.

"Nilitafuta upenyo," anamsimulia wifi wakati wa chakula, sahani yake haijaguswa. "Nikasema, labda nishone mikanda ya hiyo mifuko tu. Moyo ukakataa hata mikanda."

Akifukuzwa, atakodi cherehani ashone sare za watoto barazani kwake. Wifi ameshaahidi kumtafutia wateja. "Kichwa chake kigumu kama kokoto," anasema, "lakini mshono wake haufumuki."

Saa tisa msimamizi anarudi.

"Mama, kitambaa hata hujakikata! Asubuhi si ulikubali?"

Cherehani za jirani zinanyamaza moja baada ya nyingine. Mama Kimya anainuka.

"Hapana, baba. Asubuhi nilikuwa nasikiliza. Jibu langu ni hili: mifuko ya risasi sishoni. Nipe sare, nipe mashuka, nitashona mpaka mikono ife ganzi. Hii, sishoni."