Kadar Atafuta Jina la Kobe

Kadar alikuwa mfugaji huko Wajir mpaka ukame ulipommalizia ng'ombe, akahamia Garissa kulima matikiti ukingoni mwa Tana. Mwenyewe husema alifika mtoni akijua mambo mawili: kwamba maji yanalowesha, na kwamba yeye ni hodari wa Kiswahili. La kwanza lilikuwa kweli.

Kiswahili chake kilikuwa na donda. Siku moja sokoni alisema "bunda" akimaanisha punda, watu wakamcheka hadi akasahau alichokwenda kununua. Tangu hapo alijihadhari: penye b mara nyingi alipachika p, asije akaaibika tena.

Asubuhi moja pampu yake ilikohoa, ikanyamaza. Akavuta bomba kutoka mtoni, akamkuta kobe wa maji amenasa kwenye chujio, kichwa kimezama ndani. Akampigia simu Gachoka, fundi wa pampu pale mjini.

"Fundi, kope imeziba pomba."

"Pombe? Mzee, hata wewe?"

"Astaghfirullah! Pomba ya maji! Kope iko ndani!"

"Kope za macho?"

Kadar akaona Kiswahili kimemtupa, akakimbilia Kisomali. "Kwetu tunaita diin."

"Dini imeziba bomba?"

Mkewe Ugbad, aliyekuwa akipalilia hapo karibu, aliketi chini kwa kicheko. Kadar akaamua kueleza umbo tu. "Ni mnyama. Iko na nyumba mgongoni. Ukigusa, inaficha kichwa."

"Aa, konokono! Sasa hilo nalo la kuniita? Mtoe kwa kidole."

Na Kadar, aliyekuwa akimtazama kobe kwa macho yake mwenyewe, akamtii mtu aliyekuwa mjini. Akaingiza kidole. Kobe akakiuma, akang'ang'ania. Katika vuta nikuvute wakachomoka wote wawili, na kobe akamwachia uvundo uliomfanya Ugbad ahamie tuta la mbali.

Pampu ilipokataa bado kuwaka, Kadar akampigia fundi tena. Gachoka alipofika kwa pikipiki, alimkuta mzee amefunga kidole kitambaa na kobe yumo kwenye ndoo.

"Kumbe ni nguru!"

Kadar akachangamka. Hatimaye kuna mwingine aliyekosea. "Nguru ni samaki, fundi. Nilimla Malindi."

"Kwetu Murang'a huyu ndiye nguru."

Wakabishana, kila mmoja na nguru wake, hadi Ugbad akachukua ndoo na kummwaga mwenye jina mtoni. "Mfuateni mkamwulize," akasema.

Gachoka akafungua tangi la pampu, akachungulia, akainamisha kichwa kuficha uso.

"Mzee, hapa hakuna petroli."

Kadar ndiye aliyecheka wa kwanza. Jioni hiyo kwenye mkahawa alisimulia yote bila kuombwa, kidole kikiwa juu kama ushahidi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Lamu akadakia kwamba huyo lazima alikuwa kasa, na meza nzima ikaanza kupinga.

"Mimi msiniulize jina," Kadar akasema, akimimina chai. "Mimi ninajua anauma."