Kata Moja ya Maji ya Ubani

Mimi sikusomea kukaa kwenye mikeka ya watu nikawauliza habari za jikoni. Nilisomea sindano. Kwa hivyo, miaka michache baada ya Mapinduzi, daktari wa zahanati yetu ya Ng'ambo aliponambia nitoke nipite nyumba kwa nyumba, nilinuna. Alisema watoto wale wale wanatibiwa wanarudi, wanatibiwa wanarudi, na yeye kachoka. Mimi niliona nimeshushwa cheo.

Nyumba niliyoihofia ilikuwa ya mama kijana aliyekwisha kuzika mtoto mmoja kwa kuharisha. Wa pili, wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na tumbo lake lilikuwa linafuata njia ile ile. Nilimtibu kwa mkono wangu, akapona, akarudi amekonda zaidi. Kila nikipiga hodi pale roho huwa juu.

"Maji unachemsha?" nilimuuliza hata sijakaa.

"Nnachemsha, bibi. Wallahi, toka uliponambia."

Kweli, sufuria ilikuwa jikoni, imefunikwa. Nikataka kuondoka. Jua kali, nyumba bado nyingi, na mkoba niliotoka nao zahanati, usio na dawa, ulikuwa unanitia haya. Lakini kwetu huingii kwa mtu ukatoka hujakaa. Akanitandikia mkeka, nikakaa upande upande, mguu unacheza, jicho mlangoni.

Mtoto akalilia maji. Mama akamtilia nusu kikombe kutoka kwenye sufuria. Kisha akafunua mtungi wa maji ya kisima, ule alioufukiza ubani, akachota kata moja, akakijaza kikombe.

"Unafanya nini?"

"Nnatia harufu. Yakishachemshwa yanakuwa yamekufa, hayataki. Nkimtilia ya ubani anayamaliza yote."

Nilimpokonya kikombe, maji yakanirowesha. Nikamwambia, kwa ukali asiostahili, kwamba moshi wa ubani unanukia tu, maji ya kisima yanabaki ya kisima. Tukaumwaga mtungi uani, tukausugua, tukaufukiza upya, safari hii tukatia yaliyochemshwa. Mtoto akanywa, akataka tena.

Tangu hapo nilikuwa nakwenda bila ya kutumwa. Majirani wakanitania kuwa nesi siku hizi hana sindano, anakuja kula mihogo ya watu. Waache waseme. Wiki zikapita, kuharisha kukakatika, mashavu yakarudi, na mimi nikaanza kulala usingizi.

Siku moja mtoto alikuja mwenyewe kwa miguu yake mpaka mkekani kwangu. Nilifurahi nikashindwa kujizuia, nikamwambia mama yake, "Huyu sasa kashapona."

Alikuwa anapeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Yule wa mwanzo alikuwa akiyapenda sana ya mtungini," alisema. "Mbona wakati ule hakuja mtu?"