Matundu Kumi na Moja kwenye Ngozi

Mwalimu Lyimo alichagua wanafunzi wanne wa kidato cha tatu twende chuo kikuu kusikiliza mhadhara wa wazi, na mie nikawa mmoja wao. Mada ilikuwa ngozi za ng'ombe, na kwa nini viwanda vinazikataa. Niliogopa, ila siyo chuo. Baba yangu anachuna ng'ombe machinjioni Vingunguti, na shuleni nilikuwa nawaambiaga wenzangu na walimu kwamba ni karani.

Saa moja na nusu asubuhi baba alikuwa ameshatoka kazini, mabuti yake yako nje ya mlango. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unakwenda kusomea ngozi?"

"Kusikiliza tu, baba."

"Haya. Wakisema wachunaji tuna mikono mibaya, waulize ng'ombe alikuwa amepoa au bado."

Saa tatu tuliondoka na basi dogo la shule. Nilikaa na Neema, rafiki yangu. Njia nzima anaongea, mie naitikia tu. Tulipokaribia akauliza, "Hivi Rehema, baba yako anafanyia ukarani wapi vile?"

"Mjini," nikasema, nikageukia dirisha.

Saa nne na nusu tukaingia ukumbini. Sakafu inashuka kama ngazi na viti vinajikunja vyenyewe. Sie tukakaa kwenye kingo za viti vikiwa vimejikunja hivyohivyo, magoti juu, mpaka dada mmoja wa nyuma yetu akasema, "Wadogo zangu, kiti kivuteni chini kwanza." Neema alicheka hadi akatokwa na machozi. Mie nilitamani kurudi kwenye basi.

Mhadhiri alikuwa mama mmoja mrefu, Daktari, mwenye sauti ya upole. Alitundika ngozi kwenye fremu, akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapenya kwenye matundu. Niliyahesabu, kumi na moja.

"Yote haya ni mkono wa mchunaji," akasema. "Ni uzembe tu."

Kaka mmoja akadakia, "Si wanachunaga huku wanapiga stori." Ukumbi ukacheka. Neema naye akacheka. Mie nilikuwa naiona mikono ya baba, anavyoisugua kwa limau kabla hajagusa sahani.

Ulipofika muda wa maswali nilinyoosha mkono. Mpaka leo sijui niliwezaje. Nikaletewa kipaza sauti.

"Shikamoo Daktari."

Watu wakacheka kidogo. Yeye akaitika vizuri, "Marahaba mwanangu."

"Ng'ombe akichunwa bado wa moto, kisu kinafungua tu, halafu ngumi ndiyo inaisukuma ngozi. Akishapoa ngozi inashika nyama, inabidi kisu kiende mpaka mwisho. Na visu vyenyewe vina ncha, kama vya jikoni. Matundu yanatoka hapo, siyo kwenye stori."

Daktari akaitazama ile ngozi ya kwenye fremu, kisha mie. "Umejifunza wapi?"

Neema alikuwa ananiangalia.

"Baba yangu ni mchunaji. Vingunguti."

Safari hii hakuna aliyecheka. Daktari akazima tochi. "Mimi ngozi nazipokea zikiwa zimeshakauka," akasema. "Sijawahi kusimama pale zinapotoka. Baba yako atakubali nije na wanafunzi wangu?"

"Nitamuuliza."

Saa saba, tukiwa tunakunywa maji bombani nje ya ukumbi, Neema akaniuliza, "Kwa hiyo karani ni nani?"

"Hakuna karani."

"Ndo maana kwenu maini hayakauki." Akajifuta mdomo. "Mamangu anauza utumbo Tandale, wewe si unajua? Nani kanicheka?"

Akanishika mkono tukaenda kwenye basi.

Saa kumi na moja jioni nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nikamsimulia yote.

"Ulisema mchunaji, mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Akakuna kiganja. "Waambie waje. Ila waje mapema, ng'ombe hasubiri mtu." Halafu akasema taratibu, "Mwaka jana kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wenu alinikaribisha, 'Karibu mzee karani.' Nikaitika."

Sikujua kwamba anajua.

Habari za ngozi nimeziandika kwenye daftari la shule. Hapa, kwenye daftari langu la siri, naandika hili, kwamba baba aliitika uongo wangu ili nisiaibike. Kikao kingine ni mwezi ujao. Nitatangulia mlangoni, nimtambulishe mie mwenyewe kwamba ni mchunaji.